Robo ya Mchanga

Mchanga ni kitu ambacho hakijawahi kuadimika Turkana. Tunalala juu yake, tunautafuna ndani ya ugali, na upepo wa alasiri unautia masikioni bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo siku mwanangu aliponiambia kwamba mke wake ameletewa gunia la mchanga kutoka Pwani, kwa basi, mpaka Lodwar, nilinyamaza kwenye simu hadi akadhani mtandao umekatika.

"Mama? Uko?"

"Niko. Na mawe mliagiza wapi?"

"Mawe pia yalitoka Pwani," akasema.

Nikakata simu.

Nilikuwa bado kwangu Kakuma wakati huo. Jirani yangu pale ni mama Mkongo anayekaanga mandazi mbele ya lango lake, mtu wa akili sana. Nilimweleza: mwanangu, ambaye kazi yake ni kutafutia watu maji, ameweka maji ndani ya kioo sebuleni, akayatia chumvi, akayawashia taa, akaweka samaki.

"Sasa bale samaki, mutabakula siku gani?" akaniuliza.

"Hawaliwi."

Akaacha mandazi yaungue. "Habaliwi? Mama, basi hao si samaki. Ni bageni."

Mke wa mwanangu ni mtu wa Pwani, mwalimu wa shule ya upili. Aliletwa Lodwar na kazi, akabakizwa na mwanangu. Kila kitu cha kwetu alikizoea, joto, vumbi, nyama isiyo na viungo, isipokuwa kukaa mbali na bahari. Basi akajitengenezea ya kwake ndogo. Hilo nililijua baadaye. Mimi sikwenda Lodwar kwa sababu ya samaki. Nilikwenda kwa sababu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imesogea, na baada ya likizo ya uzazi angerudi darasani. Mtoto angehitaji mtu wa kukaa naye. Mtu huyo nilitaka awe mimi. Nasema wazi: nilimtaka yule mtoto mapajani pangu kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote.

Tatizo lilikuwa moja. Nyumba yao ina chumba kimoja cha wageni na chumba hicho kina kitanda kimoja, na huko Pwani kulikuwa na bibi mwingine, mama yake mzazi, aliyekitaka kitanda hicho hicho.

Nilipofika nilionyeshwa tangi kabla ya kuonyeshwa choo. Lilikuwa refu kama jeneza la mtu mzima. Ndani kuna matumbawe ya rangi, mengine yanacheza kama nyasi, na samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na chini mchanga mweupe ule wa safari. Nikiri kwamba kilikuwa kitu kizuri. Na kwetu kitu kizuri kipya hubarikiwa. Mtoto, mbuzi, nyumba, mtu mzima anakitemea mate kidogo. Ni baraka, si matusi. Nami nilikuwa na tumbaku yangu shavuni, mate yapo tayari. Nikainama juu ya tangi.

Mwanangu aliruka kama aliyekanyaga nge. Akanivuta bega, mate yakaenda kwenye kioo cha nje, akayapangusa kwa tai yake ya kazi.

"Mama! Tumbaku ni sumu kwa samaki!"

"Nimeitafuna tangu hujazaliwa. Nimekufa?"

Mke wake alinitazama mdomo. Kisha akaweka mkono juu ya tumbo lake, taratibu, kama mtu anayefunika chungu nzi asiingie. Niliona.

Wiki hiyo nilikaa kwa adabu. Lakini mimi ni mwanamke anayefagia uwanja kabla jogoo hajafikiri kuwika, na mle ndani ya tangi uchafu ulikuwa unanitazama. Mchanga ulikuwa umeshika utando wa kahawia, kama uji ulioungulia kwenye sufuria. Na juu ya utando huo, mchana kweupe, limelala vi, moja la mavi! Jeusi, nene, refu, kama la mbwa aliyekula vibaya. Watu wamesoma hivi, wanapita, wanakunywa chai, hawaoni.

Nitaeleza tunavyofanya kwetu, ili mtu asiseme nilikuwa na wazimu. Laga, mto wetu wa msimu, ikikauka tunachimba kisima ndani ya mchanga wake. Kisima kikichafuka, wanyama wakikanyaga au majani yakioza, hakuna kuchezea juu juu. Unaingia mwenyewe, unachota mchanga wote mpaka chini kabisa, unatupa, maji yanakuwa tope, unaenda zako nyumbani. Asubuhi ukirudi maji yametulia, unaona meno yako ndani yake. Hiyo ndiyo kazi mikono yangu inaijua tangu utoto.

Basi siku moja, wote wawili wameenda kazini, nikachukua upawa wa mchuzi. Kwanza nikachota maji kidogo nikayatia ndoo, ili mkono wangu upate nafasi. Halafu nikashika lile vi.

Likasogea.

Nami si mtu wa kuachia kitu kwa sababu kimesogea. Nikakaza. Nilipolitoa nje ya maji likatapika nyuzi nyeupe, zinanata kuliko chingamu, zikaingia kwenye vidole, zikaingia kwenye bangili zangu, nikizivuta huku zinashika kule. Nikalitupa ndani ya ile ndoo ya maji na kulilaani. Nikaingia kazini.

Nilichimba vizuri, lazima niseme. Nilichimba kona zote. Chini ya mchanga mweupe kulikuwa na mwingine mweusi, na ulipopanda juu nyumba ikajaa harufu ya yai lililosahauliwa na kuku. Nikajiambia, naam, ndiyo maana, uchafu ulikuwa huku. Maji yakawa kama uji wa wimbi. Samaki wakaja juu midomo wazi.

"Ngojeni," nikawaambia. "Kesho mtaona meno yenu."

Saa ya chakula cha mchana mke wa mwanangu aliingia, akasimama mlangoni na mkoba begani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Mama, umechimba?"

"Nimechimba."

"Mpaka chini?"

"Mpaka kioo."

Akaweka mkoba chini. Na tumbo lile, akapiga magoti, akavuta beseni kubwa la maji ya chumvi aliyokuwa ameyatayarisha nyuma ya mlango, akaanza kuhamisha samaki mmoja mmoja kwa kiwavu. Mimi nilishika taa. Wengi walipona. Mmoja hakupona, kisamaki chenye kichwa cha njano, ambacho kazi yake ilikuwa kutafuna mchanga na kuutema kutwa nzima. Alikishika kiganjani akalia. Mimi nimeona watu wakililia ng'ombe, hilo nalielewa. Samaki wa urefu wa kidole sikuwa nimeona. Lakini machozi ni machozi, na mwenye kuyaleta nilikuwa mimi.

Kisha akashtuka. "Jongoo yuko wapi?"

"Jongoo gani?"

"Jongoo bahari! Mweusi, mnene, huwa analala pale mbele!"

Nikaangalia bangili zangu. "Ile... kwenye ndoo."

Alimkuta mzima, amejikunja kama ngumi. Akaninyanyulia ndoo karibu na uso. "Mama, huyu ndiye mfagiaji. Anameza mchanga, anakula uchafu wake, anautoa nyuma ukiwa safi. Na yule mdogo aliyekufa alikuwa msaidizi wake."

Kumbe nilikuwa nimemfukuza mfagiaji, nikamuua na msaidizi, ili nifagie mimi.

Jioni hiyo alimpigia simu mama yake, na nyumba za Lodwar zina mapazia mahali pa milango. Nilikuwa upande wa pili nakunja nguo. Sikwenda kusikiliza. Maneno yalikuja yenyewe.

"Mama, njoo tu wewe... La, si mbaya. Ni mikono yake. Hawezi kuona kitu akakiacha. Huyu mtoto atasuguliwa mpaka ngozi imtoke."

Kisha akasikiliza.

"Ndiyo. Ukifika, yeye atarudi Kakuma."

Niliendelea kukunja. Nilikunja shuka moja mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha pua. Maneno yale yaliuma kwa sababu sikuona uongo ndani yake. Watoto wangu wote niliwasugua. Walikuwa wanang'aa.

Asubuhi nilimfuata mke wa mwanangu jikoni.

"Mwanangu, nifundishe mchanga."

Akageuka na kikombe mkononi. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akakosa mahali pa kuuweka.

Alinifundisha. La kwanza lilinichukua muda: kwamba mchanga ule u hai. Una vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinakula uchafu. Wa juu wanapenda hewa, wa chini hawaitaki. Ukiwakoroga wakachanganyika, wanakufa wote, na sumu iliyolala chini inapanda kwa samaki.

"Kama wake wenza," nikasema. "Kila mmoja na jiko lake."

Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa yule samaki.

La pili lilikuwa kazi yenyewe. Tulibandika vipande vya utepe kwenye kioo tukagawa mchanga mafungu manne. Kila Jumamosi robo moja, basi. Unachukua mpira wenye mdomo mpana wa plastiki, unauelekeza kwenye mchanga wa robo hiyo, ngozi ya juu tu, unyonye upande wa pili maji yaanze kushuka kwenye ndoo. Mchanga ukipanda ndani ya mdomo, unabana mpira kwa vidole: mchanga, kwa kuwa ni mzito, unarudi chini, na uchafu unaenda zake na maji. Kisha unajaza maji mapya ya chumvi kwa kiasi kile kile. Jongoo akiwa njiani, unamngoja apite.

"Nimngoje jongoo?"

"Umngoje, Mama."

Siku ya kwanza nilinyonya kwa nguvu za kisima. Bahari yote ilinijaa mdomoni, na mavi ya samaki ndani yake. Mwanangu alikuwa amesimama pale, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti, mabega yanamtetemeka.

"Cheka," nikamwambia. "Niliwanyima baraka, wamenitemea wao."

Lakini shida yangu haikuwa mpira. Shida yangu ilikuwa zile robo tatu zilizobaki. Mtu gani anafagia robo ya uwanja halafu anaenda kunywa chai? Wiki nzima zilikaa pale na utando wake wa kahawia zikinitazama. Nilizifunika kwa leso. Mke wa mwanangu akasema matumbawe yanataka mwanga, nikaitoa. Mwishowe niligeuza kiti changu kikaelekea ukutani. Wageni walidhani nimenuna.

Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea mwenye mimba, na baada ya maombi wakasimama kwenye tangi, kama kila mtu. Mmoja wao, mwanamke mkubwa mwenye sauti, alikuwa na chapati mkononi. Akamega, akanyoosha mkono juu ya maji. Nikamdaka kifundo.

"Ata," akasema, maana ndivyo sisi tunavyomwita bibi, "ni chapati tu."

"Ni uchafu wa kesho."

"Ai! Hata mbwa hupewa."

"Mbwa haendi choo ndani ya maji anayokunywa. Samaki wamekula. Kinachobaki kinaanguka kwenye mchanga, na mchanga ule una zamu."

Akarudisha chapati kwenye sahani, ameudhika. Akatafuta pa kulipiza, akapaona. "Na kile kinyesi pale mbele? Mwenye usafi hakioni?"

"Huyo ni mfanyakazi. Msalimie."

Akanitazama, akatazama wenzake. Hakuna aliyemsaidia. Akainama karibu na kioo.

"Ejok," akamwambia jongoo.

Huko jikoni nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka na mtu akicheka mpaka anakohoa. Nilifurahi, lakini sikujidanganya. Kicheko si kitanda. Tiketi ya yule bibi wa Pwani ilikuwa imekwisha kukatwa, na mfuko wangu wa Kakuma ulikuwa chini ya kitanda umefungwa.

Mtoto hakusubiri tiketi. Uchungu ulianza mapema, mwanangu akamkimbiza mke wake hospitalini, madaktari wakaamua kumpasua. Wote wawili salama, msichana, akaniambia kwenye simu na sauti imempotea. Ila watakaa kule kwanza, kidonda kitazamwe. Wakati huo bibi wa Pwani alikuwa njiani, na mvua ikanyesha milimani. Laga ikashuka karibu na Kalemng'orok, magari yakalala pande zote mbili, na yeye akiwemo. Stima nayo ikapotea Lodwar. Nikabaki mimi, kipampu cha betri kinachopiga mapovu, na tangi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya robo ya pili. Niliifanya, nikaulaza mpira, nikafunika ndoo. Kisha nikaangalia ya tatu na ya nne.

Zilikuwa zimechafuka kuliko nilivyowahi kuziona. Kahawia nzito, kama ngozi ya ngamia mzee. Na nani anakuja? Mtoto mchanga anakuja. Na mwanamke aliyezaliwa kando ya bahari yenyewe anakuja, ataingia, ataangalia, atasema: hivi ndivyo mama Mturkana anavyokaa. Nilijiambia nitafanya kidogo tu, ya tatu peke yake, nani atajua? Nikakunja mkono wa gauni. Mkono ukaingia majini mpaka kifundo.

Jongoo alikuwa pale pale, katikati ya robo ya tatu. Anameza. Nyuma yake kuna kijistari cheupe, chembamba, alikotoka. Hakuwa na haraka hata chembe.

Nikautoa mkono wangu. Nikatoka nje haraka kabla haujabadilisha mawazo, nikachukua ufagio. Nilifagia uwanja. Nilifagia uwanja wa jirani. Nilifagia njia mpaka barabarani, nikavuka. Kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki.

"Shosho, nani anakuja? Gavana?"

"Mjukuu wangu," nikasema. "Inua miguu."

Walifika Jumapili, na kana kwamba walipatana, bibi wa Pwani akashuka kwenye lori wakati ule ule, tope mpaka magotini, gauni lake la maua limekuwa la rangi moja. Tulikumbatiana, tukapeana pole. Akanawa mikono vizuri. Akaingia sebuleni, akasimama mbele ya tangi kabla hata ya kukaa.

"Mbona mchanga huu mmeuacha hivi?" akasema. "Jamani, uchafu wote huu na mtoto ndani ya nyumba! Nipeni chombo. Mimi nimezaliwa ufukweni, mchanga wa bahari utanishinda?" Na tayari amekunja mikono ya gauni.

Nikajiweka katikati yake na kioo. Wakwe hawasemezani hivyo, najua. Lakini mdomo ulitangulia.

"Mkwe, toa mkono."

Mwanangu alisimama na mfuko wa hospitali, hajui augeukie upande gani. Mke wake, mtoto mikononi, akasogea pole pole mpaka kwenye tangi, akaangalia utepe mmoja mmoja. Robo ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu kahawia, isipokuwa kijia cha jongoo. Ya nne kahawia.

"Mama," akaniambia, "hukuona uchafu ule?"

"Niliona."

"Siku zote hizi ulikuwa peke yako. Mbona hukuutoa?"

"Zamu yake ni Jumamosi."

Akaanza kucheka, akashika mshono, akaguna, akacheka tena. Kisha akafanya jambo ambalo mama yake alilitazama na mimi nikalitazama. Akaniwekea mtoto mikononi. Mimi, kabla ya mama yake.

Alikuwa mwepesi, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Nywele kama za baba yake. Na mdomo wangu ukajaa wenyewe. Tumbaku haikuwemo, nilikuwa nimesukutua asubuhi mara nyingi, lakini mate ya baraka hayangoji ruhusa. Nikainua macho. Mke wa mwanangu alikuwa ananitazama mdomo, vile vile kama siku ile ya kwanza.

Nikameza.

Sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile, na nimeishi miaka ya njaa.

"Mama," akasema. Akanyoosha mkono, akafunua blanketi upande wa chini, ukatokea mguu mmoja wa kushoto, mwekundu, vidole vimetawanyika. "Robo tu."

Nikaubariki. Kidogo sana, ngozi ya juu tu. Mtoto akaukunja, akaunyoosha tena.

"Toba!" akapiga kelele bibi wa Pwani. "Mnamtemea mtoto!"

"Ni baraka, Mama," binti yake akamwambia. "Na usiguse mchanga. Una zamu."

Mfuko wangu ulitoka chini ya kitanda, nguo zikarudi kwenye msumari. Kitanda tulilala wawili, mimi upande wa mlango, mkwe upande wa ukuta, anakoroma kama jenereta na asubuhi anakana. Alisema atakaa siku chache, aone tunavyoishi.

Jumamosi ilipofika yeye ndiye aliyeshika ndoo. Mimi nilinyonya mpira, polepole, kwenye robo ya tatu, tukasimama wote wawili kumngoja jongoo apite. Nilipomaliza nikanawa, nikasukutua, nikaenda chumbani kwa mtoto. Mama yake alikuwa amekwisha kumfunua mguu wa kulia.